Kibebeo Imara, Maelekezo Yenye Kitenzi Kimoja: Neno "Carry" Lilivyotutaabisha

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua kibebeo cha mtoto katika duka moja la vifaa vya watoto lililoko Kariakoo, Dar es Salaam, kwa shilingi 85,000, nikampelekea mkaza mwanangu aliyekuwa na mtoto wake wa kwanza mwenye umri wa wiki 6. Tumekitumia kwa miezi 7 sasa, yeye kila siku na mimi siku 3 kwa wiki ninapokaa na mjukuu, na naona ninayo ya kutosha ya kuwaeleza wazazi wanaofikiria kukinunua. Kwa kifupi, kifaa chenyewe ni kizuri na fedha yake haipotei, lakini karatasi ya maelekezo ya Kiswahili iliyomo ndani ya boksi isifuatwe kabla ya kusahihishwa, kwa sababu imelichukua neno moja la kawaida la Kiingereza, "carry", pamoja na maneno yanayokaribiana nalo, ikayafasiri kana kwamba Kiswahili kina kitenzi kimoja tu cha kumweka mtoto mwilini. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa kasoro hiyo hiyo nimeikuta kwenye karatasi za vifaa vya watengenezaji wengine, na si haki mzigo wa wengi kumtwika mmoja.

Nianze na kifaa, ambacho hakina maneno mengi. Kimeshonwa kwa kitambaa kizito cha pamba, mikanda ya mabegani imejazwa sponji ya kutosha, mkanda wa kiunoni ni mpana kiasi cha kuugawa uzito wa mtoto usiangukie mabega peke yake, na mishono ya mahali mikanda inapokutana na kitambaa imerudiwa mara mbili kwa uzi mnene. Lebo yake inaruhusu mtoto wa kuanzia kilo 3.5 hadi kilo 15. Klipu za plastiki ziko 3, zinafunga kwa mlio unaosikika, na mpaka leo hakuna hata moja iliyolegea. Kasoro ni kwamba klipu ya mgongoni haifikiki kwa urahisi kwa mama aliye peke yake, na kwamba kitambaa kikifuliwa wakati wa masika kinahitaji karibu siku 2 kukauka. Hayo yanavumilika.

Karatasi ya maelekezo imechapwa kwa lugha 4, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na ina picha 4 zinazoonyesha mikao: mtoto kifuani akiwa ameelekea kwa mama, mtoto kifuani akiwa ameelekea mbele, mtoto ubavuni, na mtoto mgongoni. Kwa kuwa nimefanya kazi ya kutafsiri kwa miaka 22, niliisoma ya Kiingereza na ya Kiswahili sambamba. Upande wa Kiingereza una vitenzi 4 vinavyohusu mwili wa mtoto: "carry", "hold", "wear" na "support". Upande wa Kiswahili, "carry" na "hold" zote zimekuwa "beba", "wear" imekuwa "vaa", na "support" imekuwa "saidia". Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wasomi wa lugha, na kwamba mama yeyote akiitazama picha ataelewa. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba haikuwa hivyo.

Siku ya kwanza ya kukijaribu, mkaza mwanangu alikaa kitandani akisoma kwa sauti, na mama yake mzazi, mwenyeji wa Pangani aliyelea watoto 6 na wajukuu wengi kuliko hao, alisimama na kichanga mkononi, kibebeo kikiwa kimeshafungwa kiunoni mwake. Hatua ya tatu ilisema: "Beba mtoto wako, kisha vuta mikanda." Mama yule hakusita. Aliinama, akamzungusha mtoto kwa mkono mmoja mpaka mgongoni kama alivyofanya maisha yake yote, akabaki ameinama akiisubiri nguo ya kumfungia, na kibebeo kinaning'inia mbele kitupu. Binti yake alipiga kelele, "Mama, kifuani, picha inaonyesha kifuani!" Yule mama alimshusha mtoto taratibu, akaniangalia mimi, akasema, "Wangetaka kifuani wangeandika mpakate."

Sentensi hiyo ndiyo uhakiki wote wa karatasi ile, na mimi ninachofanya hapa ni kuieleza kwa urefu.

Kitenzi "beba" tunachokitumia leo kwa kila kitu, kwamba lori linabeba mchanga na ndege inabeba abiria, hakikuanza na upana huo. Katika kamusi ya mwaka 1939 iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson, "beba" ni kitendo cha kumchukua mtoto mgongoni kwa nguo. Kitenzi cha jumla cha kuhamisha mzigo kutoka mahali hadi mahali kilikuwa "chukua", na ndicho anachokitoa pia Edward Steere katika kitabu chake kuhusu Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870. Baadaye "chukua" ikaanza kuegemea maana ya kutwaa, mtu akiambiwa "chukua chenji yako", na nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na "beba". Maana ya zamani ya "chukua" haikufa. Imo katika mchukuzi wa stesheni, imo katika kuchukuliana kwa watu wanaoishi nyumba moja, na imo katika ule mstari wa Wagalatia unaosema "Mchukuliane mizigo." Vivyo hivyo maana ya zamani ya "beba" haikufa. Kwa mwanamke wa pwani wa rika la yule mama, ukisema "mbebe mtoto" bila kuongeza neno, umesema mgongoni. Kijana wa mjini anayesikia kitenzi hicho hicho anasikia tendo la jumla lisilotaja kiungo chochote. Mtafsiri aliyekaa mbele ya kompyuta yake bila shaka alikuwa wa kundi la pili, lakini kichanga, katika nyumba nyingi, kinalelewa na watu wa kundi la kwanza.

Sasa tulitazame neno la Kiingereza lenyewe, maana ndipo palipo mzizi wa jambo. "Carry" liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa cha Wanormani, na asili yake ni neno la Kilatini "carrus", yaani gari la kukokotwa. Ni neno la usafirishaji tangu kuzaliwa kwake. Halijali mzigo umekaa wapi mwilini, wala kama kuna mwili. Linajali kwamba kitu kimetoka hapa kikafika pale. Ndiyo maana Mwingereza analitumia kwa mtoto, kwa bomba la maji, kwa sauti inayofika mbali, kwa mtu mwenye vimelea vya ugonjwa asiyeumwa, kwa duka lenye bidhaa fulani, na hata kwa ile tarakimu ambayo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akisema "andika tano, moja weka kichwani". Neno la Kiingereza cha asili lililokuwa na ukaribu na mwili lilikuwa "bear", ambalo lina mzizi mmoja na maneno ya Kiingereza ya kuzaa na kuzaliwa, na leo limebaki zaidi kwa kuzaa, kuvumilia na kuhimili. Hata kuhimili kwetu kumetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba, ule ule uliotupa hamali wa bandarini na himila ya mzigo.

Kiswahili hakikuitazama kazi hii kwa jicho la gari. Kiliuliza kwanza: umekiweka wapi? Anayekiweka kitu kichwani kwa mwenzake anamtwika, na akijiwekea mwenyewe anajitwika, na chini kuna ngata ya kukinga utosi. Kuchukua mzigo begani kulikuwa kupagaa, neno tunalolisikia mpaka leo ndani ya mpagazi wa misafara ya zamani na ndani ya kupagawa kwa mtu aliyekaliwa na pepo. Kukiingiza kitu katika pindo la nguo kiunoni, kama wanawake wanavyohifadhi pesa kwenye khanga, ni kufutika. Kukizingira kwa vidole kiganjani ni kufumbata. Anayehamisha vitu vingi kwa safari nyingi anasomba. Na kwa mtoto, ambaye ndiye tunayemzungumzia, kuna kumweleka mgongoni au ubavuni, kuna kumpakata mapajani au kifuani, kuna kumkumbatia, kuna kumshika. Kila kitenzi kati ya hivyo kinamwonyesha msikilizaji mkono uende wapi, hata kama hakuna picha.

"Pakata" kinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu vijana wengi huniambia kwamba ni neno la bibi zao. Hao hao wanafanya kazi kwenye kompyuta mpakato. Waliounda istilahi hiyo waliona mashine inayokaa mapajani, wakakumbuka kwamba tunacho tayari kitenzi cha kitu kinachokaa mapajani, na hawakuhitaji kukopa. Kama neno limetosha kwa mashine, linatosha kwa mtoto aliyekuwa na neno hilo kabla ya mashine. Katika karatasi ile, mahali pa kwanza palipoandikwa "hold your baby" pangeandikwa "mpakate mtoto wako kifuani", na yule mama wa Pangani asingehitaji kuinama.

Ni kweli kwamba "hold" ina jirani yake mwingine kwetu, nayo ni "shika". Mama anayeingia jikoni humwambia jirani, "Nishikie mtoto kidogo," na hakuna anayedhani kwamba mtoto atashikwa kama kikombe. Lakini tofauti ya "nishikie" na "nibebee" inahisiwa na kila anayeishi na lugha hii: wa kwanza ni wa dakika chache na mtoto yuko mikononi, wa pili ni wa muda na pengine wa safari. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa inazingatia tofauti inayofanana na hiyo. Ilisema "hold" kwa ule muda ambao mtoto yuko mikononi mwa mama bado hajafungwa, ambao ni wa hatari ya kuanguka, na ilisema "carry" kwa muda ambao mikanda imekazwa na mama anatembea. Kiswahili kilipozifanya zote "beba", mpaka kati ya nyakati hizo mbili ukafutika. Msomaji hajui tena ni lini anaruhusiwa kuachia mkono. Mkaza mwanangu aliniuliza swali hilo hilo, na ilinibidi nirudi kwenye Kiingereza ili nimjibu.

Kuhusu "wear" sina subira. Wazazi wa Ulaya na Marekani wamezoea kulitumia neno hilo kwa mtoto aliyefungwa mwilini, kwa maana kwamba mama anamchukua kama sehemu ya mavazi yake, na katika Kiingereza lina upole fulani. Hata hivyo "wear" ya Kiingereza ni pana kuliko "vaa" yetu. Mwingereza anaitumia kwa manukato, nasi tunajipulizia au tunajipaka; anaitumia kwa ndevu, nasi tunafuga. Na "vaa" yetu ikipewa kitu chenye uhai inageuka kabisa, kwani kumvaa mtu ni kumvamia kwa maneno au kwa mwili, na pepo ndiye anayemvaa binadamu. Sentensi iliyochapwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi, "VAA MTOTO WAKO KWA UPENDO", ilimfanya mkaza mwanangu aifunike kwa kidole. Ingeandikwa "mfunge mtoto wako mwilini" au "kaa naye karibu siku nzima", yote mawili yangekuwa Kiswahili.

Jambo zito zaidi liko kwenye "support". Mara 5 karatasi ile inasema "saidia kichwa cha mtoto", na mara moja "saidia mgongo". Mkaza mwanangu aliniuliza kwa unyenyekevu kabisa, "Mama, nikisaidieje?" Swali lake lilikuwa sahihi. Kusaidia ni kumwongezea nguvu mtu anayefanya jambo, na kichanga cha wiki 6 hakifanyi lolote na kichwa chake, kwa kuwa hakijakaza shingo. Kinachotakiwa ni kukishikilia kisogo kwa kiganja, kumwegemeza, kumkinga shingo isianguke nyuma wala kidevu kisizame kifuani. Kliniki zetu zinayo lugha hiyo tayari. Muuguzi anamuuliza mama kama mtoto "ameshakaza shingo", na kila mama anaelewa. Karatasi ingesema "mpaka atakapokaza shingo, mshikilie kisogo kwa kiganja kila unapoinama", ingekuwa imesema yote kwa sentensi moja.

Sisemi hatari hapa kwa kutia chumvi. Mwezi Machi mwaka 2010 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilitoa onyo kuhusu vibebeo vya aina ya kombeo, ambavyo mtoto hulala ndani yake kwa kujikunja, ikieleza kwamba ilikuwa imetambua vifo visivyopungua 14 katika miaka 20, na kwamba 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miezi 4. Kibebeo ninachokihakiki si cha aina hiyo, nacho kinamweka mtoto wima, jambo ambalo ni sifa kwake. Lakini sababu iliyoelezwa inawahusu watoto wote wa umri ule: shingo haina nguvu, kidevu kikizama kifuani njia ya hewa inabanwa, na uso ukigandamizwa kwenye nguo mtoto hawezi kuugeuza wala kulia. Ndiyo maana kwa mtoto mchanga kama huyo mkao wa kifuani unapendekezwa, uso ukionekana na mama akiweza kumbusu utosini bila kunyoosha shingo. Kwa hiyo kosa la kumweka mgongoni kwa kibebeo mtoto wa wiki 6 kwa sababu ya kitenzi "beba" ni kosa linalogusa pumzi.

Karatasi inaongeza utata mwingine kwa kusema mtoto "atazame ndani" mpaka afikishe miezi 5. Ndani ya nini? Kiingereza kina desturi ya kusema hivyo kwa maana ya upande wa mwili wa mama, lakini kwetu ndani ni ndani ya kitu. Wauguzi wanaowafundisha akina mama huduma ya kangaruu walilimaliza tatizo hilo zamani. Njia hiyo ilianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo wawekwe hivyo kwa saa 8 hadi 24 kwa siku, kuanzia mapema baada ya kuzaliwa. Katika wodi zetu akina mama wanaambiwa "kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi". Hakuna mama anayeuliza ndani ya nini. Mtafsiri angetembelea wodi moja ya wazazi kwa asubuhi moja, angerudi na msamiati wote aliouhitaji.

Mkao wa ubavuni nao umepata bahati mbaya, maana Kiingereza "hip" kina kazi mbili. Kwanza ni pale mtoto anapokaa, ambapo sisi tunasema kiunoni au ubavuni mwa mama. Pili ni kiungo cha mfupa wa paja la mtoto, ambacho ndicho nyonga. Karatasi imeandika "nyonga" kote, hata ikafika mahali inasema mtoto akae "kwenye nyonga na magoti yawe juu ya nyonga", bila kueleza nyonga ya nani. Maana iliyokusudiwa ni nzuri na ya kweli: madaktari wa mifupa hushauri miguu ya mtoto iachane na magoti yake yawe sawa na makalio au juu kidogo, umbo la herufi M, ili mifupa ya mapaja ikae vizuri ndani ya vikombe vya nyonga. Anayemfunga mtoto kwa khanga, miguu ikikumbatia kiuno cha mama, anaupata mkao huo bila kuusomea.

Hapa ndipo ninapolazimika kukilinganisha kibebeo hiki na mbeleko yetu, kwa kuwa watu wameniuliza kama kuna haja ya kulipa shilingi 85,000 wakati khanga ipo. Mbeleko ni neno lililotokana na tendo lenyewe la kumweleka mtoto, au kumbeleka kama wasemavyo wengine, na uzito wake kwetu unazidi kitambaa. Katika ndoa za pwani mbeleko na mkaja ni miongoni mwa vitu ambavyo upande wa bwana harusi humtolea mama wa bibi harusi, kwa kuutambua mgongo uliombeba binti na kiuno kilichofungwa baada ya kumzaa. Mtu mzima anayeambiwa kwamba "anabebwa kwa mbeleko" kazini anaambiwa kwamba hasimami kwa miguu yake. Hakuna chochote cha namna hiyo ndani ya "carry". Khanga inamfaa mtoto aliyekaza shingo, mwenye mama au bibi aliyezoea kuifunga, na kwa kazi za nyumbani haina mpinzani. Kibebeo kinaizidi kwa mambo mawili: kinamweka kifuani mtoto asiyefaa bado mgongoni, huku mikono ya mama ikiwa huru, na kinaweza kufungwa na mtu asiyejua kufunga khanga, kama alivyo mwanangu wa kiume, ambaye sasa humchukua binti yake mpaka sokoni Jumamosi. Kwa ajili ya mwanangu peke yake naona fedha yangu imerudi.

Huduma ya duka ilikuwa ya heshima. Nilirudi baada ya wiki 2 na karatasi niliyoiandika upya kwa mkono, kurasa 2, nikaeleza kwamba sidai fedha wala kubadilishiwa, nadai tu wateja wengine waelezwe. Muuzaji, kijana mpole, aliisoma yote akiwa amesimama, akaniita mama, akaniuliza kama "mpakate" ni Kiswahili cha Unguja. Nilimwambia afungue simu atafute kompyuta mpakato. Alikubali kuitoa nakala na kuwapa wanunuzi wanaotaka. Kama bado anafanya hivyo sijui, kwa hiyo anayenunua na aulizie.

Kwa watengenezaji nina ombi moja ambalo si la gharama. Kabla ya kuchapa maelekezo ya Kiswahili, msomeeni kwa sauti mwanamke aliyelea watoto, asiye na picha mbele yake, na mwanasesere mkononi, kisha mwangalie anamweka wapi. Akimweka mahali pasipokusudiwa, neno ndilo lenye kosa.

Kwenye nakala yetu ya nyumbani nimepitisha kalamu karibu kila mstari. "Beba" ya hatua ya tatu imekuwa "mpakate kifuani", "saidia kichwa" imekuwa "mshikilie kisogo", "atazame ndani" imekuwa "kifua kwa kifua", na ile ya herufi kubwa ya juu nimeikata yote. Mjukuu wangu sasa anakaribia miezi 9, anakaa mwenyewe na amefikisha umri ambao lebo inaruhusu mkao wa nne. Wiki iliyopita bibi yake wa Pangani alikuja tena, akakifunga kibebeo, akainama, akamzungusha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja kama siku ile ya kwanza, nasi tukamkazia mikanda. Chini ya picha hiyo ya nne pameandikwa "Beba mtoto mgongoni", na huo ndio mstari pekee ambao sikuugusa.